Kitanda cha Chuma

Mjane wa fundi Malimi hakutaja bei kwanza.
Alisema, "Nataka nafasi. Nataka kuweka kabati."
Kerezo lilikuwa limekaa gereji ya Igogo
miaka mingi kuliko ndoa yake,
namba zimesuguliwa na vidole
hadi sita na nane zinafanana.
Kuku alikuwa ametaga kwenye trei ya chini.
Nikampa yai. Nikampa pesa.
Yai alilikagua zaidi.

"Na ufunguo wa chaki?"
"Upi?"
Ule aliokuwa ameushika, akivunjia mkaa.
"Huu siuzi," akasema. "Huu ni nyundo."

Siku mbili nililifungua.
Mashine hii ina viungo vya mtu:
kichwa, taya, kitanda cha kulalia.
Mkia pia inao, lakini tusiseme.
Nati nikazitia kwenye kopo la siagi,
na juu ya kila kipande nikaandika kwa chaki
(ile ya shule, si ile yenye taya):
*hii inatazama ziwa, hii inatazama reli*,
maana kulia na kushoto hubadilika
ukishageuka.

Mkokoteni ulitufikisha Mabatini, chini ya mlima.
Juu hakuna barabara. Juu kuna mawe,
na kati ya mawe nyumba, na kati ya nyumba
njia ya mtu mmoja na ndoo yake.

Luhende, Kulwa, Mafuru, na mdogo wake Mafuru asiyesema,
wabeba magunia ya dagaa wa Mwaloni,
wakakizungushia kitanda shuka langu la zamani
grisi isiwapake mabega,
wakapitisha miti miwili, wakainua.
"Shangazi, hiki chuma kimekula nini?"
Sikujibu. Nilitangulia, nimekumbatia mkia.

Kwenye jiwe la kwanza wacheza drafti
wakasimama, wakavua kofia.
Bombani wanawake wakanyamaza,
ndoo ikajaa, ikamwagika, hakuna aliyeifunga.
Mtu mmoja akaunga nyuma yetu. Kisha watatu.
Mama nisiyemjua akanitia kiganjani
noti ya elfu mbili, imekunjwa mara nne:
"Pole, mwanangu. Mzee au kijana?"

Ningesema nini?
Nilitazama shuka, maua yake, umbo refu ndani yake,
mabega manne kwenye hatua moja.
Nikasema, "Mzee."
Kulwa akaangua kicheko, mti ukacheza begani,
Luhende akamkaripia kwa Kisukuma,
nusura tuwe na msiba kweli.

Noti ile bado ninayo. Sijui pa kuirudisha.

Ufunguo niliuchonga kwa tupa, kipande cha nondo,
siku nne, pembe nne, malengelenge mawili.
Umeme ukaja Alhamisi.
Nikatia mafuta, nikawasha.
Mkanda ukapiga kofi, ukasita, ukakubali,
na unyoya wa kwanza wa chuma ukatoka umejikunja,
buluu, wa moto, mrefu kama swali la mtoto.
Nikapima: nusu ya unywele imezidi
upande wa kichwa. Sakafu haiko sawa,
au mimi. Nikatia kipande cha kopo la soda
chini ya mguu mmoja, nikapima tena.

Wavuvi wa Kirumba walikuwa wanasubiri bushi za injini.
Wakasubiri kidogo zaidi.
Kitu cha kwanza nilichokereza kilikuwa nyundo ya mkaa:
kichwa kizito, shingo nyembamba,
mpini wenye michirizi, usiteleze
kwenye mkono wa masizi.

Nikashuka nayo Igogo, nimeifunga kwenye gazeti.
Mjane akaipima kwa kiganja,
akapitisha kucha kwenye michirizi, moja moja,
kama anayesoma.
"Hii ni nzuri mno kwa mkaa," akasema,
akaiweka kabatini, katikati ya vikombe vya harusi,
akafunga kioo,
akarudi kuchutama jikoni
na ufunguo wangu mkononi.